Kikohozi cha Bi Shinuna

Jumatano, siku ya soko la wanawake,
Ibra nzima imeamkia kituoni.
Tikiti ya kwanza niliitoa saa moja kasorobo;
sasa tuko sabini na mbili, na mashine imeishiwa karatasi.
Naandika namba kwa mkono, nyuma ya risiti kuukuu.

Ukutani, televisheni. Baraza linakaa Maskati.
Mheshimiwa wa kwanza ana jedwali:
hospitali zinakula, asema, kama mchwa, bila kusikika.
Wa pili ana babake, aliyefariki akingoja
kupigwa picha ya kichwa, miezi saba, bure.
"Bure," asema, na arudia, "bure,"
mpaka neno linabaki ganda.
Wa tatu anataka bima: kila mwenye mfanyakazi alipe.
Wa nne kasinzia, au anasoma;
kamera imemwonea haya.

Kakangu Mundhir, mhasibu, angekuwa na yule wa jedwali.
Juzi, kwenye kahawa na halwa, alinigombeza:
"Mafuta si zamzam, dada. Yatakauka.
Nyinyi mnagawa vidonge kama mchele wa harusi."
Sikumjibu. Nina hesabu zangu:
insulini tulikosa siku tisa mwezi wa Shaabani;
daktari mmoja, wagonjwa tisini,
na chai yake kila siku yavaa utando mezani.
Mundhir hakosei. Hilo ndilo linaloniuma.

Mlango unafunguka. Bi Shinuna aingia mgongoni.
Nasema mgongoni, si methali:
kiti chake cha magurudumu kimepasuka tairi tangu Idi,
na Mwanaidi wa Muheza kambeba
kama kwao wanavyobeba watoto,
hatua, kikohozi, hatua, kikohozi.

Na palepale, naapa sikupanga mimi,
mheshimiwa wa tano:
"Wageni, ndugu mwenyekiti, ni mzigo."

Kuna aliyecheka, akajinyamazia.
Bi Shinuna, kutoka huko juu, kwa Kiswahili cha Wete
ambacho miaka sitini ya hapa haijakifua:
"Kasemaje huyo?"
"Kasema mzigo, bibi."
"Nani mzigo?"
Hakuna aliyejibu.
Jasho la Mwanaidi lilidondoka kwenye vigae.

Kadi yake niliisoma mara mbili.
Bima ilikwisha Machi. Kompyuta ikakataa kwa wino mwekundu.
Wa kuilipa ni mwana wa Bi Shinuna;
alisahau, au hakusahau.
Riali kumi na tano kumwona daktari, dawa mbali.
Mshahara wake naujua:
mimi ndiye humjazia fomu za kutuma kwao.

Bi Shinuna akateremshwa. Akatengeneza shela.
Akakohoa:
kikohozi kibaya, cha kuigiza, kikavu kama bawaba ya ghala.
"Hiki changu," akasema. "Andika.
Siku nne, na homa usiku, na panachoma hapa,"
akagusa kifua cha Mwanaidi.

Kalamu ni yangu. Kaunta ni ya serikali.
Mwaka ukifungwa, ndani ya jedwali la yule mheshimiwa
atakuwemo bibi wa miaka themanini na moja
aliyemeza dawa ya kifua,
na hakuna mkaguzi atakayejua
ile namba ilikuwa ikikohoa kifuani mwa nani.
Mundhir angesema: hivi ndivyo ghala linavyotoboka.
Ningesema: ndiyo.

Nikaandika.

Daktari Jyothi akaweka stetoskopu kwa Bi Shinuna,
akasikiliza kidogo, akatazama dirisha,
kisha, bila swali, akaihamishia kwa Mwanaidi,
akasikiliza kwa muda mrefu.

Baraza likaahirishwa hadi Jumapili.
Mwanaidi akaweka vidonge kifuani, akainama:
"Panda, bibi."
Nikaita sabini na tatu.
Wakainuka watu wawili, kila mmoja na risiti yake,
na mwandiko, kwenye zote mbili, ni wangu.